Mtoto analia kila jioni na mama mkwe ameanza kumpa maziwa ya ng'ombe: ni nani wa kunisaidia?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninaishi Tukuyu, na mume wangu anafanya kazi Mbeya mjini, hivyo huwa nyumbani mwisho wa juma tu. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike mwenye kilo 3.1, na sasa ametimiza wiki sita. Tangu siku ya tatu baada ya kujifungua nimekuwa nikinyonyesha kwa maumivu makali. Chuchu zilichubuka, baadaye zikapasuka, na kuna siku mtoto alicheua maziwa yenye damu nikaogopa sana, kumbe damu ilikuwa yangu. Kila niliyemweleza aliniambia kwamba ndivyo ilivyo kwa uzazi wa kwanza na kwamba nitazoea.

Mtoto alipofikisha wiki ya nne alianza kulia kuanzia magharibi mpaka saa tatu usiku, akishika titi na kuliachia, akishika tena na kuliachia. Mama mkwe, ambaye alikuja kutoka kijijini kunisaidia na ambaye kwa kweli amenitunza kama binti yake, aliyakamua maziwa yangu kidogo kiganjani, akayatazama, akasema ni mepesi mno na hayawezi kumshibisha mtoto. Tangu siku hiyo anampa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya moto nusu kwa nusu pamoja na sukari kidogo, kwa chupa. Usiku wa kwanza mtoto alilala saa nyingi, na wote tukaamini kuwa tatizo lilikuwa njaa. Sasa anapata chupa tatu kwa siku, na juzi mama ameanza kuzungumzia uji mwepesi wa ulezi. Matiti yangu hayajai tena kama zamani.

Kliniki siku ya 28 mtoto alikuwa na kilo 3.5. Wiki hii, tulipokwenda kwa chanjo ya wiki ya sita, alikuwa na kilo 3.6. Foleni ilikuwa ndefu, na niliambiwa ninyonyeshe mara kwa mara na nile vizuri, basi. Rafiki yangu alinionyesha mtandaoni mama mmoja anayejiita mtaalamu wa unyonyeshaji, ambaye anatoza shilingi 80,000 kwa ushauri wa simu, na katika bei hiyo anatuma pakiti mbili za unga wa kuongeza maziwa. Mume wangu yuko tayari kutuma fedha.

Ninaomba unieleze, je, kazi ya namna hiyo ipo kweli, na mtaalamu wa kweli hufanya nini? Nilipe? Nitamwambia nini mama mkwe bila kumvunjia heshima? Zimebaki wiki nne nirudi kazini, katika ofisi ya kampuni inayonunua parachichi, na sijui hata nianzie wapi.

Mama wa binti, Tukuyu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Fedha hizo zisitumwe kwanza. Naomba uchukue kadi ya kliniki ya mtoto tuitazame pamoja, kwa sababu uzito ulioniandikia unaeleza jambo ambalo katika kelele za jioni hakuna aliyelisikia. Mtoto mchanga hupungua uzito kidogo katika siku zake za mwanzo, kisha kwa kawaida huurudisha uzito wa kuzaliwa anapokaribia wiki mbili. Binti yako alizaliwa na kilo 3.1, na siku ya 28 alikuwa na kilo 3.5. Maana yake ni kwamba katika wiki zile nne ambazo hakuonja kitu kingine isipokuwa titi, na wewe ukinyonyesha kwa kuuma meno, alifidia alichopoteza na kuongeza gramu 400 juu yake. Hayo ndiyo maziwa yaliyoitwa mepesi. Katika wiki mbili zilizofuata, chupa ilipoingia, ameongeza gramu 100 tu, ilhali mtoto wa umri huo hutarajiwa kuongeza walau gramu 20 kwa siku, yaani takriban gramu 280 kwa muda wote huo.

Siwezi kukuapia kutoka hapa nilipo kwamba sababu ni chupa peke yake, kwa kuwa maumivu yako yananiambia kuwa tangu mwanzo mtoto hakushika titi vizuri, na mtoto asiyeshika vizuri huweza kupata maziwa ya kutosha mwezi wa kwanza, matiti yanapokuwa yamejaa sana, kisha akapungukiwa baadaye. Ninachoweza kukuambia bila kusita ni kwamba gramu 100 kwa wiki mbili si jambo la kusubiri chanjo ya wiki ya kumi. Binti huyu anatakiwa kuonwa na mtu mwenye ujuzi kesho au keshokutwa, na kuonwa akiwa ananyonya.

Kuhusu kilio, ni vizuri ujue kwamba watoto wengi wachanga huzidisha kulia kuelekea wiki ya sita, hasa jioni, kisha hupungua taratibu. Katika saa hizo hutaka titi kila mara, hushika na kuachia, na mama huona matiti yake malaini akadhani yamekauka. Kilio cha jioni peke yake hakiwezi kuwa kipimo cha njaa, kama ambavyo usingizi mrefu hauwezi kuwa kipimo cha shibe. Maziwa ya ng'ombe hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa protini yake huganda kwa mabonge magumu, kwa hiyo mtoto hulala, na nyumba nzima hupumua. Lakini ukiyachanganya na maji nusu kwa nusu umeondoa pia nusu ya mafuta na nguvu iliyokuwamo, na hata yasipochanganywa yana protini na chumvichumvi nyingi kuliko figo za mtoto wa wiki sita zinavyoweza kubeba, na madini ya chuma kidogo mno. Mtoto analala tumbo likiwa limejaa kitu kisichomjenga, anaamka amechelewa kunyonya, na titi ambalo halikunyonywa linapata taarifa kwamba kesho litengeneze pungufu.

Wepesi ambao mama mkwe aliuona kiganjani ni wa kweli, ila haukuwa na ubaya aliousoma. Maziwa yanayotangulia mtoto anapoanza kunyonya huwa maangavu, na kadiri titi linavyoendelea kunyonywa ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Aliyekamua matone machache ya mwanzo ameona mwanzo tu.

Sasa nijibu swali lako la msingi. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Duniani kipo cheti cha kimataifa cha washauri wa unyonyeshaji kinachotolewa kwa mtihani tangu mwaka 1985, ingawa hapa kwetu walio nacho ni wachache sana. Kwa mama wa Tukuyu mtaalamu huyo, mara nyingi zaidi, ni muuguzi mkunga au afisa lishe aliyepata mafunzo ya ulishaji wa watoto wachanga na wadogo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mwaka 1991 mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, ambao kati ya masharti yake ni kwamba watumishi wa wodi ya wazazi wawe na ujuzi wa kumwonyesha mama jinsi ya kunyonyesha na jinsi ya kudumisha maziwa hata akitengwa na mtoto wake. Kumwonyesha, siyo kumwambia. Hapo ndipo ulipodhulumiwa, mwanangu. Kumwambia mama mwenye vidonda anyonyeshe mara kwa mara, bila mtu kukaa chini na kutazama mtoto anashikaje, ni kumtaka arudie mara kumi kwa siku jambo lile lile linalomjeruhi. Najua foleni za kliniki na najua wauguzi walivyo wachache, na bado nasema kwamba dakika 30 za kutazama ndizo huduma yenyewe.

Mtaalamu wa kweli utamtambua kwa mambo anayoyafanya. Kwanza atakuuliza habari za uzazi: ulipoteza damu nyingi, kondo lilitoka lote, ulianza kunyonyesha saa ngapi baada ya kujifungua, dang'a, yaani maziwa yale ya kwanza kabisa, alipewa au ilikamuliwa ikamwagwa? Atauliza kama umeanza uzazi wa mpango na wa aina gani, kwa sababu vidonge vyenye vichocheo viwili, tofauti na vile vya kichocheo kimoja, huweza kupunguza maziwa, na ifikapo wiki ya sita wengi hupewa njia bila kuulizwa. Atauliza nepi: mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake huwa hauna rangi kali. Atamvua mtoto nguo zote ampime kwenye mizani, na ikiwezekana atataka mizani hiyo hiyo itumike utakaporudi. Ataangalia mdomo wake ndani, aone kama ulimi unainuka na kutoka nje ya fizi, kwani wapo watoto ambao utando wa chini ya ulimi ni mfupi na huwazuia kushika titi, na aone kama kuna utando mweupe wa fangasi, ambao humfanya mama ahisi kuungua hata baada ya kunyonyesha na hutibiwa kwa mama na mtoto kwa pamoja.

Kisha atakaa, na atakuacha umnyonyeshe mtoto kama ulivyozoea, yeye akitazama bila kukimbilia kushika titi lako. Ataangalia kama mdomo umeachama vya kutosha, kama mdomo wa chini umebinuka nje, kama kidevu kimegusa titi, na kama sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Atasikiliza: mtoto anayepata maziwa huanza kwa kunyonya harakaharaka, halafu hubadilika na kuvuta taratibu kwa kina, akimeza kwa sauti ndogo inayosikika, na kupumzika katikati. Akiachia, mtaalamu ataitazama chuchu kabla haijarudi umbo lake. Ikiwa imetoka imebapa au imechongoka upande mmoja, ameshajua chanzo cha vidonda vyako bila hata kuuliza. Baada ya hapo atakusaidia kubadilisha mkao: mwili wa mtoto wote ukuelekee wewe na siyo uso tu, kichwa na mgongo viwe kwenye mstari mmoja, pua ianzie usawa wa chuchu ili aachame akiinua kidevu, na mtoto aletwe kwenye titi, si titi lipelekwe kwa mtoto. Mara nyingi maumivu hupungua hapo hapo. Mwisho atakupa mpango ulioandikwa na tarehe ya kurudi kupima uzito baada ya siku chache.

Linganisha hayo na kile ulichoahidiwa kwa shilingi 80,000. Kwa simu hakuna aliyemwona mtoto wako akimeza. Sisemi kwamba simu haina kazi, kwani baada ya kuonwa ana kwa ana inafaa sana kwa kufuatilia, wala sisemi kwamba ni kosa mkunga kulipwa kwa kukutembelea nyumbani. Muulize tu kama amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na akutajie namba ya leseni yake, wapi alipata mafunzo ya unyonyeshaji, kama yuko tayari kumwona mtoto akinyonya, na atafanya nini uzito usipoongezeka. Mtu mwaminifu hatakasirika kwa maswali hayo. Kinachonitia shaka zaidi ni pakiti za unga. Anayekushauri na papo hapo kukuuzia dawa ya tatizo alilolitaja yeye mwenyewe ana sababu ya kutaka tatizo hilo liendelee kuwapo. Kwa sababu ya tabia kama hiyo katika biashara ya maziwa ya kopo, mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti utangazaji wake, na Tanzania nayo ina kanuni zake, zilizohuishwa mwaka 2013. Hakuna unga unaoweza kuongeza maziwa katika titi lisilotolewa maziwa. Uji wa ulezi, ndizi, maharage, mboga za majani, parachichi na maji ya kunywa ni chakula chako wewe, na unakihitaji ili uwe na nguvu.

Nenda hospitali ya wilaya hapo Tukuyu, kwenye kliniki ya mama na mtoto, asubuhi na mapema, na usiseme umekuja kupima uzito. Sema hivi: "Mtoto wangu ameongeza gramu 100 kwa wiki mbili, chuchu zangu zimepasuka, naomba muuguzi mwenye mafunzo ya unyonyeshaji anitazame nikinyonyesha." Sentensi hiyo inaweza kumtoa mtu kwenye foleni ya kawaida. Asipopatikana, uliza afisa lishe wa halmashauri, au omba rufaa kwenda kitengo cha Meta cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambacho ni cha akina mama na watoto. Nenda pamoja na mama mkwe, na nitaeleza kwa nini.

Mpaka utakapoonwa, maziwa ya ng'ombe yakome na uji usianze, lakini mtoto asikae na njaa kwa ajili ya kanuni. Mnyonyeshe kila anapoonyesha dalili za kutaka, kama kugeuza kichwa na kunyonya mkono, kabla hajafikia kulia, na mchana asikae zaidi ya saa tatu mfululizo bila kunyonya. Zifike mara nane hadi 12 kwa saa 24, na za usiku usiziruke, kwa kuwa kichocheo cha kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mvue sweta, kofia na yale mablanketi, abaki na nepi, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike wote wawili. Kwa baridi ya kwenu najua hilo linasikika kama ukatili, lakini kifua chako kina joto la kumtosha, na mtoto aliyefungwa mikono kwa nguo nzito hawezi kufikisha kidevu kwenye titi, na joto humlaza kabla hajashiba. (Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba mnacholala kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa hewa yake huua watu wakiwa usingizini.)

Kila baada ya kunyonyesha, kamua. Nawa mikono, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, na uzungushe vidole ili kila upande utoke. Usivute chuchu wala kuteleza kwenye ngozi. Siku ya kwanza unaweza kupata kijiko kimoja na ukatamani kulia. Endelea, kwa sababu kazi ya kukamua siku hiyo ni kuliamsha titi, na maziwa yenyewe huongezeka siku zinazofuata. Yale uliyoyapata mpe kwa kikombe kidogo kisafi, ukiwa umempakata wima, maziwa yakigusa tu mdomo wake ayavute mwenyewe, wala usimmiminie. Chupa iweke kando, kwa sababu chuchu ya chupa hunyonywa kwa namna nyingine na kuisafisha ni vigumu. Kama muuguzi ataona kwamba maziwa yako bado hayatoshi kwa siku chache, atakuelekeza maziwa maalumu ya watoto wachanga, kiasi gani, namna ya kuyaandaa na lini uyapunguze, na ukielekezwa hivyo usijione umeshindwa, kwa kuwa uzito wa mtoto ndio unaotangulia.

Kwa vidonda, anza na titi lenye nafuu, mtoto akishika vibaya ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake ili aachie bila kuvuta, pakaza matone ya maziwa yako mwishoni na uache yakauke, na usioshe chuchu kwa sabuni. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ya moto na ngumu, na una homa, wahi hospitali huku ukiendelea kunyonyesha titi hilo hilo. Na mtoto akikataa kabisa kunyonya, akawa mlegevu au mgumu kuamshwa, akawa na homa au mwili wa baridi, akapumua haraka au akapata degedege, hakuna cha kusubiri asubuhi.

Kuhusu mama mkwe, sioni mkorofi hapo, ninaona bibi aliyesikia mjukuu analia akafanya alichokijua. Ukimwambia kwamba wataalamu wamekataza, atasikia kwamba malezi aliyowapa watoto wake yalikuwa mabaya, naye anao mbele yake mwanawe, ambaye ni mume wako, mtu mzima na mwenye afya. Anza na shukrani, kisha zungumza naye kwa jambo analolijua kuliko wewe. Muulize: "Mama, ng'ombe aliyezoea kukamuliwa asubuhi na jioni, ukimkamua mara moja tu kwa siku, maziwa yake yanakuwaje?" Atakujibu mwenyewe, na hutahitaji kuongeza neno. Kisha mwombe akusindikize hospitali, akae karibu, asikie muuguzi akieleza na aone mtoto anavyomeza. Bibi aliyeona kwa macho yake huwa mlinzi mkali wa unyonyeshaji kuliko bango lolote la ukutani. Mpe pia kazi ya jioni, saa zile za kilio: ambebe mtoto wima, atembee naye, akuletee chakula cha moto wakati unanyonyesha, akusugue mgongo unapokamua, kwa kuwa mama aliyetulia maziwa yake hutoka kwa urahisi zaidi. Mume wako naye, badala ya kutuma 80,000, aje alale nyumbani siku mbili tatu katikati ya juma na aoshe nepi.

Nimeulizwa kwa nini huwa mkali kuhusu uji wa mapema. Mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini inalima mahindi, viazi, ndizi na maharage ya kulisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa, na takriban nusu ya watoto wa umri huo mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Sababu ziko nyingi, na ulishaji wa miaka miwili ya mwanzo ni mojawapo. Titi peke yake kwa miezi sita, hata maji yasipewe, kisha chakula cha nyongeza kilicho kizito na cha mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Na kwa wasomaji wangu wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao nyanda zetu zina wengi na ambao huniandikia kwa siri: unapotumia dawa zako kila siku bila kuruka na mtoto akapewa dawa za kinga kama kliniki ilivyoelekeza, unanyonyesha, na katika miezi hiyo sita kuchanganya titi na maziwa mengine au uji bila ushauri wa kliniki ndiko kunakoongeza hatari kwa mtoto.

Limebaki suala la kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, ambayo unaimalizia, na kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hawajui, na waajiri wengi hawakumbushi. Tukuyu si mji mkubwa, kwa hiyo kama ofisi iko karibu na nyumbani, mtoto aletwe au wewe uende. Kama iko mbali, tumia muda huo kukamua mahali pa faragha, kwenye chombo kisafi chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa salama kwa muda wa saa nne mahali pasipo na joto, au siku nne kwenye jokofu, na yakitakiwa kutumika chombo huwekwa ndani ya maji ya moto, kamwe yasichemshwe kwenye sufuria, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa hayarudishwi. Anza kuweka akiba wiki mbili kabla ya kurudi, uzito wa mtoto ukiwa umeshakaa sawa, na katika siku hizo umzoeze bibi kumpa kwa kikombe wewe ukiwa chumba kingine, kwa sababu watoto wengi hukataa kikombe wakisikia harufu ya mama. Barua kwa mwajiri iandike wiki hii, ungali na muda. Taja tarehe ya kurudi, taja kifungu hicho, pendekeza wewe mwenyewe saa unazozitaka, kwa mfano saa moja kabla ya mchana na nyingine alasiri, ambatanisha nakala ya cheti au tangazo la kuzaliwa kwa mtoto, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Shangazi